Kununua Kisichoshikika: Mwongozo kwa Mkutubi wa Uagizaji

Katika maktaba nyingi za vyuo vyetu bado lipo daftari kubwa la jalada gumu ambamo kila kitabu kilichonunuliwa kiliandikiwa namba yake ya usajili, tarehe kilipopokelewa, jina la mzabuni na bei. Mkutubi wa uagizaji aliyefanya kazi enzi za daftari hilo alikuwa na ushahidi wa kazi yake mikononi: boksi lilifika, likafunguliwa, vitabu vikahesabiwa na kulinganishwa na orodha ya mzabuni, muhuri ukapigwa, na kuanzia hapo kitabu kikawa mali ya chuo hadi mchwa au mwizi wakifikie. Leo sehemu kubwa ya fedha anayoisimamia inalipia kitu kisichopita mlangoni. Kinachofika ni baruapepe yenye maneno machache kwamba huduma imefunguliwa, na mwaka unaofuata nyingine kwamba isipolipiwa itafungwa.

Wapo wanaohitimisha kutokana na hali hiyo kwamba kazi ya uagizaji inaelekea kufa, na kwamba afisa manunuzi pamoja na mtu wa kompyuta wanatosha kuifanya. Sikubaliani nao. Kinachonunuliwa sasa ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba, na ahadi huhitaji mtu wa kuisoma kabla ya kusainiwa, kuilipia kwa wakati, kuijaribu kama inatekelezwa, na kuikumbuka miaka mitano baadaye pale aliyeitoa atakapojifanya ameisahau. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkutubi wa chuo au taasisi ya utafiti Afrika Mashariki, hasa yule aliyekabidhiwa dawati hili bila maelezo mengi. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi.

Anza kwa kujua ulichonacho

Kabla ya kuagiza chochote kipya, fungua jedwali moja kwenye kompyuta na uandike kila huduma ya kielektroniki ambayo maktaba inalipia au imesajiliwa bure. Kwa kila moja weka jina la mchapishaji na la wakala kama yupo, tarehe mkataba unapoanza na unapokwisha, kiasi kilicholipwa na fungu lililolipa, anwani za IP zilizosajiliwa (namba zinazoutambulisha mtandao wa chuo kwa mchapishaji), jina la mtu wa kumwandikia pakitokea tatizo, na mahali nakala ya mkataba uliosainiwa ilipo. Safu moja ambayo wengi huisahau ni ile inayojibu swali hili: tukiacha kulipa, tunabaki na nini? Usipoijaza leo ukiwa na mkataba mkononi, hutaijaza siku ya kuhitaji jibu.

Akaunti zote za usimamizi zifunguliwe kwa baruapepe ya ofisi na si ya mtu. Tuliwahi kukaa majuma matatu bila kuweza kubadilisha hata anwani moja ya IP kwa sababu akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa baruapepe binafsi ya mwenzetu aliyekwisha kustaafu, naye amebadilisha namba ya simu na kurudi kwao kulima. Hakuna aliyekuwa na kosa kubwa. Alipofungua akaunti ile, ofisi haikuwa hata na anwani yake.

Wanaotumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, wana nafuu hapa. Programu hiyo, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi, ina moduli ya uagizaji inayofuatilia mafungu ya fedha na oda, na tangu toleo la 22.11 ina pia moduli ya rasilimali za kielektroniki inayohifadhi mikataba, leseni na takwimu za matumizi mahali pamoja. Maktaba nyingi huiweka Koha kwa ajili ya kukopesha na kukatalogi tu, kisha huendelea kuandika oda kwenye karatasi.

Mwaka wa fedha na mwaka wa mchapishaji

Mwaka wa fedha wa serikali katika Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika 30 Juni, ilhali wachapishaji wengi wa majarida huuza kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Pengo hilo la miezi sita ndilo chanzo cha nusu ya matatizo ya dawati hili. Mkutubi anayesubiri ankara ya mwaka mpya ifike Novemba ndipo aanze mchakato, mara nyingi hukuta idhini imekamilika Machi, huduma imefungwa tangu mwishoni mwa Januari, na watahiniwa wa uzamili wanapiga hodi mlangoni kwake.

Omba ankara ya awali mwezi Juni au Julai, bajeti mpya inapofunguliwa, hata kama mchapishaji atakuambia kwamba bei ya mwaka ujao haijatangazwa. Mwombe makadirio na uyatumie kutengea fedha. Mwezi Agosti peleka ombi la manunuzi. Tanzania sasa manunuzi ya umma hupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na mchapishaji wa Uholanzi au Uingereza hana haraka ya kujisajili katika mfumo wa nchi moja kwa ajili ya mteja mmoja. Usisubiri afisa manunuzi akuulize. Mwandikie mchapishaji mapema akupe barua rasmi inayosema kwamba yeye ndiye mwenye haki ya pekee ya kuuza huduma hiyo au kwamba wakala fulani ndiye mwakilishi wake nchini, kwa kuwa barua hiyo ndiyo itakayokuwa msingi wa hoja ya kununua kutoka chanzo kimoja bila kushindanisha wazabuni. Kitabu kimoja kinaweza kuuzwa na maduka kumi, lakini jarida la kitaaluma halina mbadala wake sokoni, na afisa manunuzi aliyezoea kushindanisha bei za viti na karatasi anastahili kuelezwa hilo kwa upole na kwa maandishi.

Kuhusu fedha yenyewe kuna mambo mawili madogo yanayoumiza. Kwanza, bajeti huandikwa kwa shilingi lakini ankara huja kwa dola, pauni au yuro, kwa hiyo ongeza akiba ya mabadiliko ya thamani katika makadirio yako na ueleze kwa nini umeiongeza. Pili, muulize mhasibu kabla ya kusaini kama malipo hayo yatakatwa kodi ya zuio, na elekeza kwamba gharama zote za benki zibebwe na chuo. Nimeona huduma ikiendelea kufungwa baada ya malipo kufika, kwa sababu tu benki ya katikati ilikata dola ishirini na kitu, na mfumo wa mchapishaji ukasoma kwamba ankara haijalipwa yote.

Ukilipa kupitia wakala, usimpe fedha ya miaka mingi kwa mkupuo ili upate punguzo. Swets, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa miongoni mwa mawakala wakubwa wa majarida duniani, ilifilisika Septemba 2014, na maktaba zilizokuwa zimekwisha kuilipa kwa ajili ya mwaka uliofuata zilijikuta zinadai fedha kwa mfilisi huku wachapishaji wakisema hawajapokea kitu. Wakala mzuri hurahisisha kazi, hasa pale unapokuwa na majarida mia moja kutoka kwa wachapishaji sitini, lakini mwombe uthibitisho wa maandishi kwamba fedha imefika kwa kila mchapishaji, na umwombe mwezi wa kwanza, si wa sita.

Usinunue ulichopewa

Kabla ya kukubali kifurushi chochote cha majarida, tafuta kwanza ni kiasi gani cha yaliyomo unaweza kukipata kihalali bila malipo. Mpango wa Research4Life ulianza na Hinari mwaka 2002 kwa majarida ya afya, ukafuatiwa na AGORA kwa kilimo mwaka 2003, kisha OARE kwa mazingira, ARDI kwa sayansi na teknolojia, na GOALI kwa sheria mwaka 2018. Taasisi za nchi zenye kipato cha chini kabisa huingia bure, nyingine hulipa ada ndogo. Nenosiri lake ni la taasisi, kwa hiyo kulibandika ukutani au kulituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi ni kuhatarisha huduma ya chuo kizima. Ongeza hapo orodha ya DOAJ ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure na yeyote, vitabu huria vya DOAB, na African Journals Online, inayohifadhi majarida yanayochapishwa barani humu, mengi yakiwa huria.

Linganisha orodha ya majina ya kifurushi unachouziwa na orodha hizo, moja baada ya jingine. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayokupa nguvu ya kusema hapana.

Hata hivyo, kilichotolewa bure hakina mkataba wa kukilinda. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa kwa ghafula majarida yao zaidi ya 2,000 katika huduma ya Hinari kwa taasisi za Bangladesh, kwa hoja kwamba sasa wana wateja wanaolipa nchini humo, na ni baada ya malalamiko makali ya wanasayansi ndipo baadhi yao waliporudisha. Kwa hiyo katika jedwali lako huduma za bure nazo ziwe na safu ya hatari: kama hii ingefungwa kesho, ni programu gani ya masomo ingeumia, na tungehitaji kiasi gani?

Pale panapobaki pengo la kweli, usiende kujadiliana peke yako. Tanzania kuna muungano wa maktaba za vyuo na utafiti, COTUL, Kenya kuna KLISC, Uganda kuna CUUL, na shirika la EIFL hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya miungano ya nchi nyingi. Bei ambayo chuo kimoja hutajiwa na ile ambayo muungano hupewa hazifanani hata kidogo. Tatizo la miungano yetu ni lile la michango: vyuo vichache vinapochelewa kulipa sehemu yao, vilivyolipa kwa wakati hufungiwa pamoja navyo. Ukiwa mwanachama, lipa kwanza kabla ya kulalamika.

Kusoma mkataba

Hapa ndipo kazi ilipo sasa, na hapa ndipo ningemshauri mkutubi atumie muda alioupoteza zamani kupiga mihuri. Mkataba wa leseni hauna ugumu wa pekee ukishasoma mitatu au minne. Lugha yake hujirudia. Shirika la EIFL limetoa mfano wa leseni iliyoandikwa kwa kuzingatia mahitaji ya maktaba, nawe unaweza kuiweka kando ya ile uliyoletewa na kuangalia kilichopungua. Mwanasheria wa chuo aione, bila shaka, lakini usimwachie peke yake, kwa kuwa yeye ataangalia mahakama ya nchi gani itasikiliza mgogoro, asijue kwamba wanafunzi wa tawi la mkoani hawamo katika tafsiri ya neno "mtumiaji".

Anza na neno hilohilo. Je, mtumiaji anayeruhusiwa ni mwanafunzi na mwalimu wa kampasi kuu tu, au pamoja na wa matawi, wa masomo ya masafa, mtafiti mgeni, daktari wa hospitali inayofundishia, na mwananchi aliyeingia maktaba kusoma kwa siku moja? Zamani kitabu hakikumuuliza msomaji kitambulisho. Leseni humuuliza, na mara nyingi bei hupangwa kwa idadi ya wanafunzi wote waliosajiliwa. Chuo chenye wanafunzi 12,000 ambacho ni 900 tu wanaosoma famasia kinaweza kudaiwa kwa kanzidata ya famasia kana kwamba wote 12,000 wataifungua. Dai ukokotoaji kwa wanafunzi wa fani husika. Wauzaji huwa na nafasi ya kukubali, hata kama hawaisemi wenyewe.

Tazama kisha idadi ya wasomaji kwa wakati mmoja. Kitabu cha kielektroniki kilichonunuliwa kwa msomaji mmoja kwa wakati hakina faida ya kutosha kwa darasa la watu 200 ambalo mwalimu ameliagiza lisome sura ya tatu ifikapo Jumatatu. Nakala nne za karatasi kwenye rafu ya vitabu vya muda mfupi zingesaidia zaidi na pengine kwa bei ndogo.

Kifungu cha tatu cha kupigania ni kinachobaki baada ya mkataba kwisha. Kwa majarida, dai haki ya kudumu kwa miaka uliyolipia, na uhakikishe mkataba unasema haki hiyo itatekelezwa wapi: kwenye tovuti ya mchapishaji, au kupitia hifadhi kama Portico na CLOCKSS. Unaweza kuangalia bure kwenye sajili ya Keepers, inayosimamiwa na kituo cha kimataifa cha ISSN, namba za utambulisho wa majarida, kama jarida fulani linahifadhiwa na nani na tangu toleo lipi. Ukikuta halihifadhiwi popote, huo ni uzito wa kutosha kuendelea na nakala ya karatasi kama bado inachapishwa.

Angalia pia ongezeko la bei kwa mwaka na uliwekee kikomo cha asilimia, kwa sababu mwaka wa kwanza huwa wa kuvutia na wa tatu huwa wa majonzi. Futa kifungu cha kujihuisha chenyewe, kile kinachosema kwamba usipoandika barua siku sitini kabla basi umekubali mwaka mwingine. Futa, ukiweza, sharti la kuficha bei, kwani ndilo linalovizuia vyuo viwili vya mji mmoja kujua kwamba kimoja kinalipa maradufu. Andika fidia au nyongeza ya siku iwapo huduma itakatika kwa kosa la muuzaji. Dai ruhusa ya kutuma nakala ya makala kwa maktaba nyingine, na ya kugeuza maandishi kuwa umbo linalosomeka na wasioona, haki ambayo msingi wake wa kimataifa ni Mkataba wa Marrakesh wa 2013.

Na sasa kuna jambo la akili unde. Mikataba ya miaka ya karibuni huja na kifungu kinachokataza kupakia maudhui kwenye programu za akili unde. Soma kifungu hicho polepole, kwa kuwa wakati mwingine huwa kipana kiasi cha kumkosesha haki mtafiti anayechambua maandishi kwa kompyuta kwa kazi halali ya kitaaluma. Omba kiandikwe kwamba uchambuzi wa matini kwa ajili ya utafiti na ufundishaji unaruhusiwa, mradi maudhui hayatolewi nje ya chuo.

Muuzaji akikujibu kwamba mkataba wake ni mmoja kwa dunia nzima na haubadiliki, mjibu kwa adabu kwamba utasubiri. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kiliachana na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, baada ya mazungumzo kukwama, na 2021 pande hizo mbili zilisaini makubaliano mapya. Sisi si California, hilo nalijua. Lakini muuzaji mwenye malengo ya mauzo ya robo mwaka naye ana siku zake za kuhangaika, na barua inayofika wiki mbili kabla ya robo kufungwa hujibiwa upesi kuliko nyingine zote.

Vitabu vya kielektroniki: kununua au kukodi

Njia ambayo imeenea ni ile ya maktaba kuweka katika katalogi rekodi za vitabu ambavyo haijavinunua; msomaji akikifungua kitabu kwa muda uliowekwa au mara kadhaa, ndipo ununuzi hufanyika wenyewe. Ni njia nzuri kwa chuo chenye fedha ndogo, kwa sharti kwamba uweke kikomo cha fedha kwa mwezi na bei ya juu kwa kitabu kimoja. Bila kikomo, juma moja la kuandika tasnifu linaweza kumaliza fungu la mwaka.

Lakini neno "kununua" lenyewe limeanza kuyumba. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliweka sharti kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimishwa mara 26 maktaba inunue upya. Februari 2025 Clarivate, mmiliki wa kampuni ya ProQuest na jukwaa lake la vitabu vya kielektroniki la Ebook Central, ilitangaza kwamba itaacha kuuza vitabu kwa malipo ya mara moja na kuelekea kwenye usajili wa kila mwaka, na baada ya wakutubi kupiga kelele ikasogeza mwisho wa mauzo hayo hadi katikati ya 2026. Kwa maktaba ambayo bajeti yake haina uhakika, usajili wa kila mwaka ni hatari: mwaka mmoja fungu likikatwa, rafu nzima hutoweka. Kwa hiyo vitabu vya msingi vya kila programu, vile ambavyo mwalimu huvirudia mwaka hadi mwaka, vinunue kwa haki ya kudumu au kwa karatasi, na usajili utumie kwa vile vinavyochakaa haraka, kama vya programu za kompyuta na kodi.

Kupokea na kupima

Huduma ikifunguliwa, ipokee kama ulivyopokea boksi. Siku hiyohiyo jaribu kuifungua ndani ya kampasi, kisha nje ya kampasi kwa simu ya kawaida yenye bando dogo, kisha kwenye tawi la mbali zaidi. Chukua majina ishirini kutoka kwenye orodha uliyouziwa, ufungue toleo la kwanza na la mwisho la kila moja. Nakuhakikishia kwamba mara kwa mara utakuta mawili au matatu hayafunguki, na ripoti ya siku ya kwanza hushughulikiwa kwa heshima kuliko ya mwezi wa tisa. Pakia rekodi kwenye katalogi, kwa kuwa kisichoonekana kwenye katalogi hakitafutwi, na waombe watu wa mtandao wakuahidi kwa maandishi kwamba hawatabadilisha anwani za IP bila kukujulisha. Watazibadilisha tu, lakini utakuwa na barua.

Kupima hufanywa kwa ripoti za COUNTER, yaani takwimu za matumizi ambazo wachapishaji huzitoa kwa kanuni moja, ambazo tangu toleo la tano lililoanza kutumika 2019 hutenganisha kuchungulia na kusoma: msomaji aliyeona muhtasari tu hahesabiwi pamoja na aliyefungua makala nzima. Tumia ripoti iitwayo TR_J1 kwa makala zilizofunguliwa. Tuseme kifurushi kinagharimu dola 6,000 na makala 400 zimefunguliwa kwa mwaka. Kila moja imegharimu dola 15. Tuseme kingine cha dola 2,000 kimefunguliwa mara 25. Kila moja imegharimu dola 80, na hapo ni afadhali kununua makala mojamoja kwa anayehitaji. Kisha fungua TR_J2, ambayo watu huipita, ujue majarida ambayo wasomaji wako waligonga mlango wakakataliwa. Hiyo ndiyo orodha yako ya mapendekezo ya mwaka ujao, na ni ya kweli kuliko fomu za maoni zinazojazwa na walimu watatu walewale.

Hesabu hiyo usiitumie kama panga. Matumizi madogo yanaweza kuwa dalili kwamba hakuna aliyefundishwa kuitumia kanzidata, au kwamba intaneti ya tawi ilikuwa mbovu muhula mzima. Uliza kabla ya kufuta.

Visivyopatikana mtandaoni

Nimeacha mwisho sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha mustakabali wa kazi hii. Vifurushi vikubwa hununuliwa na chuo cha Dodoma, cha Oslo na cha Toronto kwa orodha zinazofanana, na mwishowe makusanyo ya vyuo vyote huwa sawa. Kinachotofautisha maktaba moja na nyingine ni kile ambacho hakimo kwenye orodha hizo: riwaya za Kiswahili zilizochapishwa Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi kwa nakala chache, ripoti za wilaya, mihadhara ya kidini, majarida ya vyama vya wafanyakazi, magazeti ya mikoani, kumbukumbu za vyama vya ushirika, na vitabu ambavyo waandishi wamejichapishia wenyewe wakaviuza kwenye mikutano. Hakuna muuzaji wa ng'ambo atakayekuletea hivyo kwa baruapepe.

Tenga asilimia maalumu ya bajeti kwa ajili ya machapisho ya nyumbani, iandikwe kwenye sera ya ukuzaji makusanyo ili isiliwe na ongezeko la bei za majarida. Zungukia wachapishaji mwenyewe angalau mara mbili kwa mwaka: Mkuki na Nyota, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wale wadogo ambao ofisi yao ni chumba kimoja. Nenda kwenye maonyesho ya vitabu ya Nairobi ukiwa na orodha na idhini ya kununua papo hapo. Kwa vitabu vya wachapishaji wa Afrika walioko mbali, African Books Collective husambaza vya wachapishaji wa nchi nyingi barani, kwa karatasi na kwa kielektroniki. Kikwazo kikubwa hapa ni utaratibu wetu wa fedha, kwani mwandishi anayeuza nakala thelathini kwenye begi lake hana ankara ya kodi wala subira ya siku tisini. Zungumza na mhasibu mapema upatiwe fedha ndogo ya masurufu yenye marejesho ya kila mwezi, na ununue nakala mbili, moja ya kusomwa na moja ya kutunzwa.

Usisubiri. Kitabu cha aina hiyo kikikosekana mwaka wake wa kwanza, mara nyingi hakipatikani tena.

Kwa ripoti na nyaraka ambazo zipo kwenye tovuti za taasisi kama faili, pakua nakala siku unapoiona, andika ilikotoka na tarehe, omba ruhusa ya kuihifadhi kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, kisha ikatalogi kama kitabu. Tovuti za taasisi zetu hubadilishwa mara kwa mara, na tovuti mpya ikija, faili za zamani hupotea bila mtu kutoa tangazo. Kwa magazeti ya karatasi na vitabu adimu, maliza kwanza suala la hakimiliki na mmiliki, kwa barua iliyosainiwa, kabla ya kununua mashine ya kuskani. Nimekutana na hazina zenye maelfu ya kurasa zilizoskaniwa ambazo haziruhusiwi kufunguliwa hadharani kwa kuwa hakuna aliyeomba.

Barua hizo za ruhusa zihifadhiwe katika jedwali lilelile la mwanzo, pamoja na leseni za Elsevier na za wengineo, kwa safu zilezile: nani alitoa, lini, kwa masharti gani, na tunabaki na nini. Nakala ya jedwali iwe kwenye seva ya chuo, na nyingine ichapishwe kila Julai na kuwekwa kwenye faili kando ya lile daftari la jalada gumu, ili atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako asilazimike kukupigia simu.